Kufufua stesheni wagoni iliyotelekezwa Unguja na Pemba: anza na bodi, injini baadaye

Toyota Corolla za wagoni zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1991 bado zipo tele visiwani. Zimebeba familia nzima kwenda Makunduchi, zimebeba magunia ya karafuu, mwani, samaki na mabati ya kuezekea. Nyingi sasa zimesimama: nyuma ya nyumba Fuoni, chini ya mwembe Mwera, uani kwa mtu Wete, tairi zimelala na vumbi limeganda kwenye vioo. Kati ya hizo zipo zinazostahili kufufuliwa, na zipo ambazo hata ukipewa bure zitakufilisi.

Wanunuzi wengi hufungua boneti kwanza. Mimi nasema lala chini kwanza. Injini ya Toyota ya zama hizo ikifa utapata nyengine ya mtumba kutoka Japani, na gereji yoyote itakufungia. Sakafu na vizingiti (bati la chini ya milango) vilivyoliwa na chumvi haviuzwi dukani. Kwetu sisi magari hufa kwa chumvi na kwa maji mabaya kuliko yanavyokufa kwa kilomita, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Chagua wagoni yenye spea

Gari likiharibika Konde, spea hutafutwa Chake. Ikikosekana Chake inavuka bahari kutoka Unguja, na ikikosekana Unguja inasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo usivutiwe na wagoni adimu hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa. Tafuta ile ambayo fundi wa mtaani kwako ameshaifungua mara nyingi.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva. Herufi zake za mwanzo zinakwambia familia ya injini: EE ni injini ndogo za petroli, kama 4E au 5E; AE ni za petroli za familia ya A, kama 5A; CE ni dizeli. Kwenye kibati cha modeli, herufi V mwishoni inaonyesha wagoni iliyotengenezwa kwa mizigo, na G ni ya abiria. Ya mizigo mara nyingi imefanyishwa kazi ngumu zaidi, lakini ina vikorokoro vichache vya kuharibika. Injini zote hizo zinatumia mkanda wa taimingi. Probox, iliyotoka mwaka 2002, ina herufi NCP na inatumia cheni.

Jua nani hasa anauza

Gari lililosimama miaka huwa na kisa, na kisa cha kawaida kwetu ni mirathi. Mzee amefariki, wagoni imebaki uani, mtoto mmoja anaona aiuze, mwengine yuko Maskati wala hajaulizwa. Usimpe mtu pesa kwa sababu tu ndiye mwenye ufunguo. Kama jina kwenye kadi ya gari ni la marehemu, taka kuona karatasi za mirathi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayosimamia mirathi ya Waislamu Zanzibar, na familia iliyokwisha kupita huko itakuwa na maandishi. Warithi wote watie saini, aliye safarini atoe wakala kwa maandishi, na mkataba uandikwe mbele ya sheha, kiongozi wa shehia. Mambo haya yanachosha, lakini yanachosha zaidi ukishalipaka gari rangi mpya halafu dada wa marehemu akaja kudai fungu lake.

Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bati, tarakimu kwa tarakimu. Kisha nenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar na namba ya gari uulize kama lina deni lolote. Ukiwa na nia ya kulihamishia bara siku za mbele, ulizia habari za kodi kabla ya kununua.

Ukikutana na mwenyewe, kuna swali moja linalozaa majibu mengi: “Ami, gari hii uliiegesha ikiwa inatembea, au ilivutwa mpaka hapa?” Akijibu, “Ilikuja yenyewe, betri tu ndiyo iliyokufa,” mazungumzo yaendelee. Akisema, “Ilikuwa ikichemsha kidogo,” elewa kwamba huenda unanunua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na bei iteremke kwa kadiri hiyo. Mwache aeleze kwa raha zake. Mzee aliyeliendesha gari miaka mingi analijua kuliko fundi yeyote, na akiulizwa kwa heshima hafichi.

Ukaguzi wa bodi

Nenda asubuhi, ikiwezekana siku ya pili baada ya mvua. Chukua tochi, bisibisi bapa, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kipande cha boksi cha kulalia. Ukiambiwa gari litaoshwa kwanza, omba liachwe kama lilivyo.

Uliza lilikolala miaka yote hiyo. Gari lililokaa Paje au Jambiani linapigwa na upepo wa Kusi moja kwa moja kutoka baharini; lililokaa Dole au Kizimbani limekingwa na miti na umbali. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na usiku wetu mwingi unafika hapo na kupita. Maana yake bati lenye chumvi halikauki hata mvua ikikatika miezi miwili. Kutu inafanya kazi usiku, gari limetulia.

Uliza pia lilibeba nini. Wagoni iliyobeba samaki na barafu, au mwani mbichi, imemwagikiwa maji ya chumvi ndani kwa ndani, na maji hayo yote huteremkia kwenye shimo la tairi ya spea. Anzia hapo. Toa tairi, toa zulia la buti, mulika. Utandu wa kutu ya juu juu si tatizo. Ukiona majani ya chini kupitia bati, andika.

Kisha nyanyua zulia la mbele, upande wa dereva na wa abiria. Bonyeza sponji ya chini yake kwa kidole gumba. Ikitoa maji, maji yanaingia kutoka kwenye mpira wa kioo cha mbele au njia za kutolea maji zilizoziba majani. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua kutoka katikati kwenda mlangoni. Bati zima linalia, ti, ti, ti. Ukifika palipooza sauti inakufa, bu. Usione haya kulisikiliza gari la watu namna hiyo, maana hapo ndipo pesa yako ilipo.

Nje, pitisha sumaku kwenye matao ya tairi za nyuma, chini ya milango na ukingo wa chini wa mlango wa buti. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kuzibia bodi. Puti yenyewe si dhambi, swali ni imeziba nini. Fungua mlango wa buti uangalie bawaba zake na bati la juu zinapofungwa, kwa sababu mlango huo ni mzito, na bati likichoka hapo mlango hautafunga sawasawa tena. Kama kuna reli za kerieri juu ya paa, angalia bolti zake. Maji huingia kupitia hapo na kuteremka ndani ya nguzo bila kuonekana.

Mwisho lala chini. Tazama vizingiti kwa urefu wake wote, sehemu za kuwekea jeki, mahali ekseli ya nyuma inapojifunga kwenye bodi, na bomba za breki zinazopita chini ya sakafu. Halafu fungua boneti uangalie vikombe vya shokapu za mbele, pale zinapofungwa juu kwenye bodi, kushoto na kulia.

Kipimo changu ni hiki: tundu la sakafu, la mlango au la shimo la spea linachomelewa. Kizingiti kilichooza urefu mzima, kikombe cha shokapu kilichopasuka, au kishikio cha ekseli ya nyuma kilicholegea: shukuru, aga, ondoka. Hata injini iwe inaimba.

Injini, kabla ya kulipa

Hapa ni haraka. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Fungua kifuniko cha rejeta na utazame kama mafuta yanaelea. Weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki, uzungushe taratibu kwa mwelekeo wa saa. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, injini haijashika. Usikubali kupigiwa stata ukiwa hujafanya hivyo, hata kama mwenye gari ameazima betri kwa jirani kwa ajili yako.

Kwenye bei, chukua karatasi uandike gharama za lazima: tairi nne, betri, mkanda wa taimingi na rola zake, mabomba ya maji, breki zote, siku za fundi bodi. Ulizia bei zake madukani Darajani au Mwanakwerekwe kabla hujakutana na muuzaji. Jumla hiyo itoe kwenye bei ya gari kama hilo linalotembea vizuri, na kinachobaki ndicho kiwango chako cha juu. Dalali atasema gari “linataka betri tu”. Mwonyeshe karatasi.

Kulipeleka nyumbani, lipakie kwenye lori au lifungie tairi za kuazima ulivute taratibu. Tairi zilizolala miaka zinaweza kupasuka njiani, na breki zilizoshika zitachemka kabla hujafika mbali.

Kuiamsha injini

Kazi hii haitaki pupa. Petroli ya zamani imegeuka gundi, oili yote imeteremka chini, na kuta za silinda ni kavu. Kupiga stata ghafla ni kuzikwaruza.

1. Ng'oa plagi zote nne, ukiweka alama kwenye waya zake. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na waya zikichanganywa utaanza kuisingizia injini ubovu.

2. Mimina kijiko kimoja cha oili mpya kwenye kila tundu la plagi, acha usiku kucha, asubuhi zungusha krenki kwa mkono mara kadhaa.

3. Kausha tangi. Usiongeze petroli mpya juu ya kuukuu. Mulika ndani, likiwa na kutu, lishushwe lioshwe, la sivyo utabadilisha filta kila wiki. Badilisha filta ya petroli vyovyote iwavyo.

4. Mwaga oili, badilisha filta, tia mpya. Injini hizi ndogo za petroli huchukua kama lita 3. Tia kwa kupima kwa kijiti.

5. Badilisha mkanda wa taimingi kabla ya kuwasha, usingoje. Kipindi chake ni kilomita 100,000, lakini mpira huchoka kwa miaka pia, na gari lililosimama halina wa kukuambia ulifungwa lini. Ukishafungua hapo, angalia wota pampu na oili sili.

6. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kumwaga petroli kwa kompyuta), funga betri nzima, piga stata kwa sekunde chache chache plagi zikiwa nje, mpaka taa ya oili izime. Sasa oili imepanda.

7. Hapo hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, ukiwa umekanyaga aselereta mpaka mwisho. Silinda isiyofika psi 140 hivi imechoka, na tofauti kati ya moja na nyengine isizidi psi 15. Kipimo cha gari lililolala kinaweza kuwa kibaya kidogo kwa sababu ringi zimeganda. Pima tena baada ya injini kutembea.

8. Rudisha plagi na fyuzi, kisha washa, huku ukinusa kama mafuta yanavuja. Moshi mweupe mwanzoni ni ile oili uliyotia. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji yakipungua, rudi kwenye silinda hedi.

Acha iungurume bila kuikanyaga, mkono karibu na swichi, macho kwenye taa ya oili na geji ya moto.

Maji ya rejeta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wagoni nyingi za hapa zilipouliwa.

Maji yetu mengi yanatoka chini ya mawe ya matumbawe, na yakipita humo yanabeba chokaa. Ule ukoko mweupe wa chini ya birika ndio huo huo unaokaa ndani ya rejeta kila unapoongeza maji ya kisima. Kisima kikiwa karibu na pwani, juu ya chokaa unaongeza na chumvi, na chumvi ndani ya injini yenye hedi ya alumini inatoboa. Mtu hujaza kidumu, anaendelea na safari, na mwaka mmoja baadaye gari linachemsha kwenye mlima wowote wa Pemba.

Toa maji yote, pamoja na yaliyomo kwenye bloki. Suuza kwa mpira wa maji mpaka yatoke meupe. Mabomba ya mpira yaliyokakamaa au kuvimba yatupwe yote kwa pamoja. Jaza mchanganyiko wa kulanti (dawa ya rangi ya kupozea injini) nusu na maji laini nusu. Mfumo mzima unachukua lita 5 hadi 6 hivi. Maji laini ni yale ya chupa yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri (hakikisha si asidi). Maji ya mvua nayo yanafaa, ukiyakinga kwenye chombo safi baada ya mvua kuosha paa. Wakati wa Masika hakuna sababu ya mtu kukosa maji mazuri ya rejeta.

Themostati usikubali ing'olewe. Utaambiwa kwa nia njema kabisa kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake, nyuzi 82 hivi, na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, na ugonjwa halisi, yaani rejeta iliyoziba au feni isiyowaka, unabaki pale pale. Nunua mpya pamoja na kifuniko kipya cha rejeta.

Breki na tairi

Kabla ya kuingia chini ya gari: usilipandishe juu ya mawe ya matumbawe wala matofali ya saruji. Yanabeba uzito vizuri mpaka dakika yanapomeguka, na hayatoi onyo. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu, na tairi ulizozitoa zisukume chini ya vizingiti kama akiba.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yaliyokaa miaka yameshaozesha silinda kutoka ndani. Fungua ngoma za nyuma, vuta mipira ya silinda utazame. Kwa bei ya silinda ndogo za nyuma, mimi naziweka mpya bila kujadili. Bomba za mpira zikipasuka ukizikunja, badilisha. Bomba za chuma chini ya sakafu zilizovimba kutu zitolewe zote, zisiungwe kipande. Tia mafuta mapya ya breki ya DOT 3, toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki mpaka lililo karibu.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Wanaokuuzia za mtumba huonyesha meno. Wewe soma tarakimu.

Taa ya injini na umeme

Kabla fundi umeme hajaanza kubahatisha, wagoni hizi zenyewe zitakueleza. Kando ya injini kuna kijisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa majina ya vitundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hizo mbili tu, kisha fungua swichi bila kuwasha. Taa ya injini ikimweka mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya hewa, 41 ni sensa ya kwenye koo la aselereta. Ukishatengeneza, chomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kumbukumbu.

Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6. Injini ikiunguruma zipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Zisipofika, kabla ya kuilaumu altaneta, fungua na kusugua kila waya wa ethi, ule wa upande hasi unaoshika kwenye bodi. Chumvi hujificha chini ya bolti hizo, na nusu ya matatizo ya taa na wipa huisha hapo.

Kuchomelea na kutunza bodi

Simama na fundi bodi tangu siku ya kwanza. Bati lililooza likatwe mpaka lifike kwenye chuma cheupe, kiraka kichomelewe pande zote, si kwa nukta nukta zilizofunikwa puti. Kabla ya moto wa kuchomelea, betri ifunguliwe, na karibu na tangi pasichomelewe likiwa mahali pake. Kiraka kipate primaya (rangi ya kwanza ya kukinga kutu) ya zinki siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala usiku mmoja hewani kwetu, asubuhi limeshakuwa la rangi ya machungwa.

Ndani ya vizingiti na milango, rangi haifiki. Nyunyizia nta au oili mpya nzito kupitia matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yaachwe wazi. Oili chafu usitumie. Inalainisha mipira, na inayodondoka inazama kwenye udongo mwembamba juu ya matumbawe, huko huko kunakotoka maji tunayokunywa. Ikusanye kwenye dumu uirudishe gereji.

Ukitoka pwani, suuza chini ya gari kwa maji ya mfereji. Kuosha kwa kisima cha chumvi ni kulipaka gari maradhi upya. Pemba, toa pia udongo unaoganda ndani ya matao ya tairi. Unashika unyevu wiki nzima.

Kilomita za mwanzo

Kabla ya kuingia barabarani, lipeleke likakaguliwe na kukatiwa bima. Safari za kwanza ziwe fupi, karibu na nyumbani, mchana. Kila ukirudi gusa magurudumu manne kwa mgongo wa mkono: lenye moto kuliko wenzake lina breki iliyoshika. Tandika boksi chini usiku, asubuhi usome madoa: jeusi ni oili ya injini, jekundu ni ya giaboksi ya otomatiki au usukani, la kijani au waridi ni kulanti. Pima maji na oili injini ikiwa baridi. Ukifika kilomita 500 mwaga oili tena, kwa sababu ile ya kwanza imesafisha uchafu wa miaka, kaza nati za magurudumu na bolti za ekseli, na upime kompresheni mara ya pili.